Neno Ulilonipa Nimsomee Baba

Kamuriai,
S.L.P. 74,
Malaba.
12 Novemba 2025.

Mpendwa Baba mdogo Okwakol,

Hujambo huko Kanada? Baridi imeanza kukuuma? Sisi tu wazima, ila kikohozi cha mdogo wangu Teresa hakijaisha. Mimi nimemaliza shule, niko nyumbani nikingoja chuo.

Baba mdogo, nimekasirika, na mtu mzima siwezi kumwambia hivyo ila kwa barua.

Nilipokutumia picha ya kaburi la nyanya Apeduno, mama yenu, nilitaka uone msalaba mpya. Wewe ukaona mihogo iliyopandwa hadi ukingoni mwa kaburi. Ukaniandikia kwa Kiingereza nimsomee baba kwamba uko "disappointed" naye. Tangu siku hiyo hushiki simu yake.

Ulifikiria ni nani angelitamka neno hilo? Kwetu mtoto hamwambii babake kwamba amewaangusha watu. Nilisimama mbele yake, simu mkononi, nikasema tu, "Baba mdogo amesikitika."

Baba akafurahi! Alidhani unamwonea huruma kwa kuwa mvua ilisomba shamba la chini, ndiyo maana alipanda kule juu. Hilo halikuonekana kwenye picha. Wiki nzima akawaambia watu wa kanisa, "Okwakol ana roho." Jirani yetu Egesa akamtania, "Mzee, huruma gani hiyo isiyoshika simu?" Baba akacheka.

Jana nilishindwa kuendelea kumficha. Nilimsomea upya, neno kwa neno. Akauliza kamusi inasemaje. Nikafungua ile yangu ya shule, nikamweleza: ni huzuni ya mtu aliyetarajia jema kutoka kwako, asilipate.

Nilingoja anifokee. Badala yake akasema, "Kumbe bado alikuwa ananitegemea."

Leo asubuhi ameng'oa mistari mitatu iliyo karibu na kaburi, na mihogo yenyewe haijakomaa.

Mimi nimechoka kuwa mdomo wenu. Ukiwa na neno zito kwa kakako, mwambie mwenyewe, tena kwa Kiteso. Jumapili tukitoka kanisani atakupigia. Tafadhali, Baba mdogo, shika simu.

Msalimie mama mdogo Ajiko na mwanenu Matthew. Mungu awatunze kwenye hiyo theluji.

Wako akupendaye, ingawa amenuna,
Amoding