Kilo Ishirini na Mbili

Jumanne, 12 Agosti 2025

Ziwa limechafuka tangu Jumapili. Hakuna mashua inayotoka hapa kisiwani Mfangano. Lorine yuko hospitalini Migori — mapacha, atapasuliwa Alhamisi saa nane mchana. Ameniomba niwepo. Binti yangu hajaniomba jambo lolote tangu aolewe.

Mumewe, Levi, ni rubani wa ndege ndogo. Atatua hapa Alhamisi asubuhi, na nafasi ipo. Lakini ni yeye! Miaka sita hatujala meza moja wala kupeana mkono. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo alivyolelewa.

Jumatano, 13 Agosti

Cate wa ofisi ya uwanja wa ndege amepiga simu. Mizani yao imeharibika. Kila abiria ataje kilo zake mwenyewe.

"Mwalimu, usinidanganye, eh? Hii ndege ni kadogo."

Kadogo! Akaeleza kwamba mzito kuliko wote hukaa mbele, kando ya rubani, ili mkia usilemewe. Nikauliza kuhusu viti vya mbele.

"Hapo ni bega kwa bega tu, mwalimu."

Mzito mwingine ni Elijah, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani. Themanini na tatu.

Nikasema sabini na nne.

Nina tisini na sita. Zahanati ilinipima mwezi jana. Miaka thelathini na minne nimewaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huu.

Jioni

Cate tena. Kwa kuwa nafasi ya uzito imebaki, Elijah ataongeza gunia moja, kilo ishirini. Litawekwa nyuma. Ningeweza kusema ukweli hapo hapo. Nikasema asante.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika ndani ya ndege. Saa nne kasorobo. Nipo kiti cha nyuma pamoja na Jerusha, muuguzi. Magunia yako nyuma yetu. Elijah yuko mbele. Uwanja ni mfupi — unapoishia ni maji.

Levi alinisalimu akiwa hatua tano kutoka kwangu, macho chini. Kilo hakuuliza. Abiria mwingine angemuuliza.

Injini bado haijawashwa. Amezunguka ndege mara mbili. Sasa amechuchumaa penye gurudumu la mbele. Anasema pua imekaa juu kuliko kawaida.

"Kuna mtu amesahau kilo zake nyumbani?"

Jerusha amecheka. Levi mwenyewe hacheki. Anamtazama Elijah, mwenye magunia. Mimi hanitazami.

"Pilot, haki ya Mungu, ni eighty-three! Nilijitundika kwa mizani ya samaki, beach nzima iliniona!"

"Basi shuka, mzee. Wewe na magunia yako. Siwezi kubahatisha. Bibi yangu anaingia theatre saa nane."

Elijah anashuka. Analalamika kwa Kijaluo kwamba leo ametukanwa mbele ya watu, na mnunuzi wake anamngoja Migori. Gunia la kwanza limetolewa. La pili. Jerusha ananinong'oneza kwamba ni afadhali, sasa tutafika salama.

Levi amerudi kulitazama gurudumu. Anatikisa kichwa: pua bado iko juu.

Kiti cha mbele ki wazi. Mzigo umebaki nyuma, nao ni mimi.

Nimefungua mkanda. Levi amesikia chuma kikilia. Ameinua macho — "Levi, nina tisini na sita."