Mvua ya Mogogosiek

Jumatatu, 12 Mei 2025

Rodah amepiga simu akilia. Ndiye karani wa mizani kwenye kituo cha majani chai huku Silibwet. Wakulima wanasema anawaibia kilo. Gunia ni kilo ishirini nyumbani, kwake linasoma kumi na tisa. Na si kila saa! Asubuhi sawa, baadaye mbaya, halafu sawa tena. Jumamosi kuna mkutano, wameapa kumtoa. Weldon, bosi wangu, amesema bila kuinua kichwa ati kompyuta haiibi, watu ndio huiba.

Sijui. Mwizi gani huyo anaiba kwa zamu?

Jumanne, 13 Mei 2025

Nimejaribu programu yetu ya mizani hapa ofisini, ile tunayoandikia vituo, kituo kimoja kimoja. Kila kitu sawa! Nikanywa chai, nikajaribu tena. Sawa. Inaniudhi — na inanipendeza, siwezi kukataa.

Vituo vyote huingia kwa programu moja, kila kimoja na thread yake, yaani uzi wake wa kazi, zote zikifanya kazi kwa pamoja. Mizani, risiti, ripoti — zote huazima kazi ndogondogo kutoka faili moja ya Python, pamoja.py. Weldon aliiandika zamani, kituo kikiwa kimoja tu. Hataki iguswe. Anasema imeshika kila kitu, ukiitikisa vyote vinaanguka.

Ndiyo maana nimeifungua.

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimesoma hadi macho yanauma. Hakuna kitu. Weldon ameuliza nafanya nini. Nimesema nasoma tu. Si uongo.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Nimeipata!!

Rodah alipiga: mizani imefanya tena, na jua ni kali, majani makavu kabisa. Sijakaa, Jackton naye akapiga, karani wa Mogogosiek, akilalamikia network. Simsikii. Mabati yake yanapigwa na mvua, ikabidi apayuke.

Mvua! Majani yakiletwa yamelowa, karani hubonyeza "mvua" na programu inaondoa uzito wa maji. Nikakimbilia pamoja.py. Alama ya "mvua" iko hapo juu kabisa, nimeipita mara ngapi sijui. Moja. Moja tu, ya vituo vyote! Jackton akibonyeza, kila anayepima wakati huo analoweshwa naye, anakatwa uzito wa maji. Na mimi nilikuwa nikipima kimoja kimoja — ningeonaje? Aki mimi Dolphine!

Nimecheka peke yangu. Halafu nikamkumbuka Rodah, nikaacha.

Ijumaa, 16 Mei 2025

Nimemwonyesha Weldon.  Amesema turekebishe polepole wiki ijayo, na kwa mkutano tusitaje programu. Nikauliza, na Rodah je? Ati ni mchapakazi, hatakosa kazi kwingine.

Wueh! Huwa namwogopa huyu mtu. Leo nimekasirika. Nimempigia Jackton, nikamweleza ninachotaka. Amekubali.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Naandika kwa simu, niko nyuma ya mizani. Jua linawaka. Watu wamejaa, Weldon amesimama karibu na mlango.

Kogo Rebeccah, nyanya mkulima wa hapa, ndiye amekuwa na kelele kuliko wote. Nimemwomba gunia lake, Rodah akapima. Ishirini. Nikampigia Jackton kwa simu ya ofisi: bonyeza "mvua". Nikamwambia kogo tupime tena, asimame hapohapo aangalie. Hakuna aliyegusa gunia.

Kumi na tisa.

Kogo ametoka nje, akanyoosha kiganja, akatafuta mvua. Akarudi na mkono mkavu. Nimewaeleza yote. Rodah amekaa chini, hapo sakafuni, amejifunika uso kwa leso.

Nilidhani watapiga makofi. Hakuna. Kogo ameuliza swali moja tu: hivyo vituo vingine navyo vimenyeshewa hivi tangu lini?

Mimi sijui. Wote wamemgeukia Weldon. 

Jackton bado yuko kwa laini. Anauliza kama aondoe mvua sasa ama aiache.