Maji Yana Mwenyewe

Tanta, Idi pili

Mwanangu Hosni,

Mama yako nimerudi kutoka Makka, na sasa sishikiki! Umra ya Ramadhani, saumu kinywani, na goti hili bovu, nimeitimiza kwa miguu yangu. Shangazi yako Nagwa alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akinipungia mkono kama malkia. "Wifi, tukuokote?" Nikamwambia, "Pita huko, mzigo wewe!"

Wakati wa kufuturu akaninong'oneza, "Kabla hatujaondoka, mfanyie na Hosni umra ya niaba." Wenzetu wote wakainamisha macho. Tangu boti yenu iondoke Libya kuvuka bahari, na habari zenu zikatike, ndivyo wanavyonitazama.

Nikajibu kwa sauti, mkeka mzima usikie: "Umra ya niaba hufanyiwa marehemu, au mgonjwa asiyejiweza. Baba yake nimeshamfanyia. Hosni ana miguu, atakwenda mwenyewe."

Barua hii naituma kwa rafiki yako wa Napoli, ukipita kwake akupe. Chupa yako ya zamzam iko kabatini. Nagwa amemaliza yake, sasa anaivizia. Nimemwambia maji hayo yana mwenyewe.

Mama yako,
Inayat