Datsun ya Baba Bila Kabureta

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimechoka. Kidato cha pili wamenikausha koo, ng'ombe wamenimaliza mikono, halafu gari. Lakini imewaka! Datsun ya Baba, bila kabureta. Fundi Onsongo alibonyeza laptop, injekta za kunyunyizia petroli zikalia tik-tik-tik, injini ikashika mara moja. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoroka.

Baba alisimama mlangoni mwa banda, mikono mgongoni. Zile kabureta mbili alizirekebisha mwenyewe tangu enzi zake za mbio, kwa sikio tu. Akauliza sasa petroli itapimwa na nani. Nikamwonyesha kile kisanduku kipya nyuma ya betri. Nikamwambia hiyo ndiyo kompyuta, ndio ubongo wa injini. Akakitazama sana.

Halafu akatoa hukumu. Mbio za kupanda mlima ni Jumamosi ya wiki ijayo, nitaendesha mimi. Lakini ikiwa gari itakuwa bado inasumbua, kabureta zinarudi na usukani unabaki wa Kimeli. Ndugu yangu akanywa chai yake polepole, akitabasamu. Miaka yote yeye anaendesha, mimi nasukuma na kuosha. Nautaka huo usukani. Nimeutaka tangu nikiwa msichana.

Jumatano, 12 Machi

Haikuwaka! Jana jioni ilikuwa sawa kabisa, leo asubuhi kimya. Onsongo amekuja kwa pikipiki kutoka Sotik, amelowa chapachapa. Akachomoa soketi ya kompyuta, akapangusa, ikawaka. Unyevu, amesema. Tumefunika kisanduku kwa nailoni. Mitihani ya kusahihisha bado iko mezani. Sijaigusa.

Ijumaa, 14 Machi

Imegoma tena asubuhi. Nailoni nimeikuta chini, imekunjwa vizuri. Panya hakunji nailoni.

Kimeli amesema kabureta hazikujua unyevu. Nani alimshawishi Baba azitoe, kama si mimi? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumapili, 16 Machi

Nimesinzia kwenye mahubiri, Mama akanifinya. Mchana Onsongo akaja—yeye ni Msabato, Jumapili kwake ni kazi. Amefungua soketi, ndani kuna ukoko mweupe wenye chembe nyeusi. Akanusa.

"Mwalimu, hii gari yenu inanyonya?"

Nikacheka mpaka machozi, uchovu tu. Kisha nikanusa mimi pia. Kicheko kikaisha. Ile harufu naijua tangu utotoni. Ni mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na zile chembe ni mkaa wa kusugulia kibuyu. Onsongo nikamwambia sijui ni nini.

Jumanne, 18 Machi

Nimeona kwa macho yangu. Alfajiri nikienda kukamua, taa ya banda inawaka. Baba. Boneti wazi, kofia kaiweka juu ya betri, kibuyu mkononi, macho kafumba. Anasali. Akapiga funda la mursik, akaipulizia kompyuta—fuu!—vile vile alivyonipulizia mimi kichwani kunibariki asubuhi ya mtihani wa darasa la nane. Akataja jina langu. Si la Kimeli. Langu!

Nimerudi kinyumenyume na ndoo tupu. Nimelia zizini, ng'ombe wananitazama.

Baraka huwekwa kichwani. Na nani alimwambia ule ndio ubongo? Mimi mwenyewe! Zamani alipulizia juu ya kabureta, hazikudhurika. Kimeli alishinda, baraka ikapata sifa.

Jumatano, 19 Machi

Nimemweleza Mama, amesema mwambie tu, yeye ni baba yako. Nimejaribu baada ya chai ya jioni. Baba, kuhusu gari... Akanikatiza. "Usiwe na wasiwasi, Tecla. Upande wangu nimeshafanya." Alisema kwa upole ambao sijausikia kwake miaka mingi. Nikakusanya vikombe.

Utamwambiaje mzee kwamba baraka zake ndizo zinaua gari? Baraka ukiikataa mbele ya aliyeitoa, umejitafutia nini?

Alhamisi, 20 Machi

Gari iko kwa Onsongo hadi Jumamosi. Nimemdanganya Baba kwamba kuna boliti za kukazwa. Onsongo ameziba soketi kwa silikoni. Nikamuuliza kama sasa iko salama.

"Kwa mvua, ndiyo. Kwa mursik, mimi sijui, Mwalimu."

Kumbe anajua! Akainamia tena silikoni yake. Namshukuru kwa hilo. Nikaenda nyumbani kwa miguu, magoti yanauma.

Ijumaa, 21 Machi

Imewaka asubuhi, imewaka jioni. Baba kaniuliza mara ngapi sijui gari inarudi lini. Sina nguvu ya kufurahi. Nalala.

Jumamosi, 22 Machi

Mahali pa kuanzia, chini kabisa darajani. Naandika gotini, mkanda nimefunga. Injini inanguruma vizuri, haikohoi. Juu, barabara inapotea kwenye majani chai na ukungu. Kimeli amesimama pembeni, kabeba helmeti yake. Eti ikihitajika.

Gari tatu mbele yangu.

Mungu wangu. Baba. Suti ya kanisa, kibuyu kwapani, watu wanampisha njia. Kwani nilidhani atakaa nyumbani? Gari imelala nje bila baraka, lazima angekuja.

Nikifungua boneti, ataipulizia kompyuta, gari itazima hapa hapa na Kimeli anavaa helmeti. Nikikataa, nimemwaibisha mzee mbele ya Sotik nzima. Na mimi ile baraka naitaka! Naitaka kuliko huo usukani, au karibu hivyo.

Gari mbili.

Amefika. Anagonga boneti kwa vidole. "Fungua, Tecla."

Nimeshavua helmeti. Natoa kichwa dirishani, nainama: leo ubongo wa gari ni huu, Baba. Amesimama na funda mdomoni, anaangalia boneti, ananiangalia—