Nyuzi za Mama Tatu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Karatu tu wazima. Goti la bibi yako limetulia, na vitunguu vya Mang'ola tumeshavitoa shambani.

Umeniuliza kwa nini nilicheka kwenye simu uliponieleza kazi yako: mnatoa nyuzi za kaboni kwenye mabawa ya ndege zisizoruka tena, mnazichanganya na plastiki, kisha mashine inajenga kifaa tabaka juu ya tabaka. Swali hilo limenikalia siku tatu.

Ujanani, kule Mang'ola, jirani yetu Mama Tatu, mwenyeji wa Singida, alifumua magunia machakavu ya katani, akazikatakata nyuzi na kuzikanda na udongo wa kukandikia nyumba. Nikamcheka mbele ya watu: "Mama, unajenga kwa takataka?"

Mvua ziliponyesha, ukuta wangu ulipasuka. Wake haukupata hata ufa. Akaja na kapu la nyuzi zake, akanikandikia ukuta. Nilishindwa kumtazama usoni.

Alirudi kwao sijamwomba radhi. Kicheko ulichosikia ni kilekile, Neema. Wewe nakuomba radhi mapema.

Babu yako