Mboga Zilizolala

Dada Mwende, salamu kwako na kwa Baba. Bado anasukuma sahani tangu daktari amkataze chumvi?

Jana mchana nilikula kuku hotelini, River Road. Chumvi yake ilinimalizia chupa mbili za maji. Jioni, huku Kangemi, mama mwenye nyumba alinipakulia saga, mboga chungu alizopika juzi, akazilaza, kisha akazichemsha upya kwa maziwa kwenye jiko la makaa. Nikaomba chumvi.

“Wewe unataka mboga ama chumvi?” akanicheka. “Mzee wangu ana presha. Hii nyumba haina chumvi.”

Nilionja, nikabaki na tonge mkononi. Uchungu wote ulikuwa umeondoka. Nimekula kwingi, utamu huu sijawahi kukutana nao.

Amenifundisha. Jumamosi nakuja na saga iliyolala; washa jiko, na umwambie Baba aje na njaa.

Kakako, Mutua