Jitu la Lango la Nne

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi na malezi. Naamini goti la shemeji limetulia, na kwamba wapwa zangu bado wanakumaliza sauti kama kawaida yao. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo imekaa upande. Nakuandikia nikiwa kazini, mezani pangu, saa za kazi, na hilo peke yake litakuonyesha kuwa hali si shwari.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana mama huwaambia watu kuwa nafanya "mambo ya kompyuta," nawe unajua mama hapendi maelezo marefu. Dada, mimi nimeajiriwa kucheza. Mchezo ukishatengenezwa, sisi wakaguzi tunaucheza mpaka tuuchukie, tukiandika kila kasoro. Safari hii tumepewa ule wa shujaa wa kike mwenye panga mbili, unaochezwa kwenye mashine kubwa ya runingani. Wakubwa wameamua uingie kwenye kidude cha mkononi. Ni sawa na kumhamishia tembo kwenye banda la kuku, kisha kulalamika kwamba tembo hachangamki.

Kasoro hazikukosekana. Maandishi yamekuwa madogo kama mayai ya chawa. Maadui wakizidi watano, shujaa anatembea kama mtu aliyekanyaga gundi. Lakini kubwa kuliko zote ni hii: mashine kubwa ina vijiti viwili vya kidole gumba, kimoja cha kutembea, kingine cha kugeuza macho. Kidude kina kimoja tu. Ukitaka kutazama nyuma, lazima kwanza usimame. Na kwenye lango la nne kuna jitu linalopenda sana migongo ya watu.

Mwenzangu wa meza ya pili, mtu mzima tunayemwita Mama Polepole, aliandika kwamba jitu lile halishindiki kwenye kidude. Mimi niliandika kwamba nimelishinda mara tatu. Bosi akatuita wote mbele ya wenzetu, akamwuliza Mama Polepole kama vidole vyake vimeanza kuota kutu. Naye akajibu, kwa upole wake uleule, kwamba vidole havina neno, ila jicho la kisogoni hakujaliwa, na kama bosi analo basi amwazime. Tulicheka sote isipokuwa bosi. Akamwambia kwamba mchezo unatoka Ijumaa, na kwamba mkaguzi asiyejua kucheza ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Akampa mpaka leo alasiri aifute ripoti yake au afungashe vitu vyake.

Hajaifuta. Asubuhi nimemwona akikunja sweta lake na kulitia mfukoni pamoja na kikombe. Kisha akaniuliza kama nautaka mto wake wa kitini, kwa kuwa amenisikia nikilalamikia kiuno. Nikasema ahsante, nikaupokea. Naukalia sasa hivi.

Basi nikwambie, kwa maana nikiendelea kuzunguka karatasi itaisha. Jitu lile sikulishinda. Sisi wakaguzi tuna swichi ya siri ndani ya mchezo, inayomfanya shujaa asife. Tunaiwasha tunapokagua kuta na milango, ili maadui wasitukatishe, kisha tunaizima kabla ya kukagua mapigano. Siku ile nilikagua kuta, nikaenda kula, nikarudi nikapigana swichi ikiwa bado imewashwa. Nililimaliza jitu mara tatu huku napiga miayo, nikajiona bingwa. Kesho yake ndipo nikagundua. Nikaizima, nikajaribu upya. Nilikufa mara arobaini na tatu, nikaacha kuhesabu kwa heshima ya marehemu. Lakini bosi alikuwa ameshanitangaza kuwa mkuu mpya wa wakaguzi, na ulimi ukanifia kinywani. Siku kumi na moja nimenyamaza. Sikumtakia mama wa watu mabaya, Dada. Ni woga tu, ila yeye anafukuzwa vilevile.

Nusu saa iliyopita nimempelekea bosi kidude, swichi imezimwa, na karatasi niliyoandika haya yote. Nikamwomba apigane na jitu mwenyewe. Karatasi akaiweka chini ya kikombe cha chai bila kuisoma, akacheka, akasema nikae nimsikilize anavyofanya kazi. Tangu hapo, kupitia ukutani, namsikia shujaa akifa. Ana yowe moja tu, fupi. Limefika la kumi na tisa. Mama Polepole naye anahesabu, naiona midomo yake, ingawa hajui kwa nini bosi anacheza leo.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mama usimwambie kitu kwanza. Nikifukuzwa nitamweleza kwa mdomo wangu. Nilitaka kukuuliza pia habari za

Dada, yowe limekoma. Imepita dakika nzima. Nadhani bosi amenyanyua kikombe.

Ni mimi, mdogo wako,
kitinda mimba